Ncha Isiyopindwa: Historia ya Telomea na Swali la Nani Alipie Udadisi

Kila msimu wa bajeti unapowadia, swali moja hurudi katika kumbi za Bunge, katika vikao vya wizara na hata katika seneti za vyuo vikuu vyetu: utafiti huu utamsaidia nini mwananchi wa kawaida? Swali hilo ni halali. Fedha ni za umma, na mwenye mali ana haki ya kuuliza mali yake imekwenda wapi. Lakini namna linavyoulizwa hapa kwetu, mara nyingi huwa limekwisha kujijibu. Utafiti usioweza kuonesha matunda kabla mwaka wa fedha haujafungwa huhesabiwa kuwa anasa, na mtafiti anayetaka kujua jambo kwa sababu tu halijulikani huonekana mtu wa kuota ndoto kwa gharama ya wengine.

Katika makala hii nakusudia kulijibu swali hilo kwa historia badala ya kaulimbiu. Historia niliyoichagua ni ya kitu kidogo mno: ncha za kromosomu, ambazo wanasayansi huziita telomea. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, imeandikwa vizuri, na hatua zake zinafahamika moja baada ya nyingine kwa takriban miaka mia moja. Pili, inagusa Afrika Mashariki kwa namna ambayo wengi wetu hatuifahamu, kuanzia Tororo hadi Kiboko, na kutoka Tanga hadi misitu ya Jozani.

Doti ya khanga

Ndani ya kila seli ya mwili wa binadamu mna kromosomu 46. Kila moja ni uzi mrefu wa DNA uliofungashwa pamoja na protini, na kila uzi una ncha mbili. Kwa hiyo seli moja ina ncha 92. Swali ambalo mtu wa kawaida asingefikiria kuliuliza ni hili: ncha hizo hulindwa na nini?

Kila aliyewahi kununua doti ya khanga anajua kwamba akishaikata vipande viwili hana budi kuipinda. Asipoipinda, nyuzi zitaanza kufumuka kutoka pale mkasi ulipopita, na kila ikifuliwa itazidi kuliwa. Kromosomu nayo ina pindo lake. Mtu wa kwanza kulipa pindo hilo jina alikuwa Mmarekani Hermann Joseph Muller. Mwaka 1927, akiwa Chuo Kikuu cha Texas, Muller alionesha kwamba miale ya eksirei hubadilisha urithi wa nzi wa matunda. Alipoendelea kuzichunguza kromosomu zilizovunjwa na miale hiyo, aliona jambo la ajabu. Vipande vilivyovunjika viliungana hovyo, kila kimoja na kingine, lakini ncha za asili hazikuungana na kitu chochote. Zilikuwa na kitu kilichozitofautisha na jeraha. Mwaka 1938 alikiita kitu hicho telomea, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mwisho na sehemu.

Wakati huohuo Barbara McClintock alikuwa akichunguza mahindi huko Missouri, na akafikia mkataa uleule kwa njia nyingine. Aliona kwamba kromosomu iliyopoteza ncha yake huungana na mwenzake. Seli inapogawanyika, kromosomu hizo mbili zilizoungana huvutwa pande mbili kama kamba ya mashindano, zikakatika upya mahali popote, na majeraha mapya yakaungana tena. Mzunguko huo wa kukatika na kuungana huiharibu seli kizazi baada ya kizazi. McClintock aliona pia kwamba katika kiinitete cha mmea ncha zilizovunjika ziliweza kupona. Maana yake ni kwamba mahali fulani ndani ya seli palikuwa na fundi wa kupinda. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya fundi huyo kupatikana.

Naomba msomaji asiipite haraka habari ya Muller, kwa maana ndani yake mna siasa. Mwaka 1933 alihamia Umoja wa Kisovieti kwa mwaliko wa Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mimea na urithi, akiamini kwamba nchi ya kijamaa ingeipa sayansi heshima inayostahili. Alichokikuta ni Trofim Lysenko, mtu aliyeahidi mavuno makubwa kwa muda mfupi na kudai kwamba elimu ya jeni ni uzushi wa mabepari. Wakubwa walimpenda Lysenko kwa sababu aliahidi matokeo ya haraka. Muller aliondoka mwaka 1937 na kuendelea na kazi yake Edinburgh. Vavilov alibaki. Alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948 elimu ya jeni ilipigwa marufuku rasmi nchini humo, na wakulima waliopewa ahadi za Lysenko hawakuyaona mavuno waliyoahidiwa.

Nguvu ya jina kubwa

Hatua ya pili ya historia hii inatufundisha kuhusu mamlaka. Mwaka 1912 Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyefanya kazi New York na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, alianza kufuga katika chupa seli zilizotoka kwenye moyo wa kifaranga. Ilitangazwa kwamba seli hizo hazifi. Ziliendelea kutunzwa hadi mwaka 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kufariki. Kwa nusu karne mafundisho yakawa kwamba seli yoyote ikilishwa vizuri itagawanyika milele, na aliyeona seli zake zikifa alijilaumu mwenyewe kwa uchafu au uzembe.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia walichapisha matokeo yaliyokataa mafundisho hayo. Seli za kawaida za binadamu, walisema, hugawanyika takriban mara 50, kisha husimama. Ili kuondoa shaka ya uchafu, walichanganya katika chupa moja seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na seli changa za kike. Baada ya muda zilibaki za kike peke yake. Kama tatizo lingekuwa chakula au uchafu, zote zingekufa pamoja. Jarida la kwanza walilolipelekea makala yao liliikataa. Leo ukomo huo unaitwa kwa jina la Hayflick, na maelezo yanayotolewa kuhusu seli za Carrel ni kwamba kila zilipolishwa, chakula chenyewe kilikuwa kikiingiza seli mpya ndani ya chupa.

Hapa likazuka swali jipya. Kama seli huhesabu migawanyiko yake, kitabu chake cha hesabu kiko wapi?

Jibu lilitoka Moscow, katika mji uleule ambako elimu ya jeni ilikuwa imepigwa marufuku hadi Lysenko alipoporomoka katikati ya miaka ya 1960. Alexei Olovnikov alihudhuria mhadhara kuhusu kazi ya Hayflick mwaka 1966. Akiwa njiani kurudi, alisimama katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, na akaitazama treni kwa macho ya mwanabiolojia. Alijiuliza: ikiwa treni ni mtambo unaonakili DNA na reli ndiyo DNA yenyewe, je, mtambo unaweza kuinakili sehemu ya reli iliyo chini ya behewa lake la kwanza?

Hauwezi, na sababu yake ni ya kiufundi. Vimeng'enya vinavyonakili DNA vina masharti mawili. Haviwezi kuanza bila kutanguliziwa kipande kifupi cha kuanzia, na huenda upande mmoja tu. Kazi inapokwisha vipande vya kuanzia huondolewa na nafasi zake huzibwa kutoka nyuma. Lakini kipande cha mwisho kabisa, kilichokaa kwenye ncha, hakina kitu nyuma yake. Kikiondolewa huacha pengo lisilozibika. Kwa hiyo kila seli inapogawanyika, uzi hufupika kidogo. Olovnikov alilichapisha wazo hilo kwa Kirusi mwaka 1971, akalihusisha moja kwa moja na kuzeeka kwa seli. Mwaka 1972 James Watson wa Marekani, bila kuihusisha na uzee, naye alieleza ugumu huo wa kunakili ncha. Jina la Watson lilikuwa kubwa na lugha yake ni Kiingereza, na kwa miaka mingi Olovnikov alitajwa kwa nadra nje ya nchi yake. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Kiumbe wa dimbwini

Elizabeth Blackburn alizaliwa mwaka 1948 Hobart, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia. Baada ya masomo ya udaktari Cambridge chini ya Frederick Sanger, alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1975, kufanya kazi na Joseph Gall. Huko alichunguza kiumbe wa seli moja aitwaye Tetrahymena, anayeishi katika maji ya madimbwi na kuogelea kwa vinyweleo. Kiumbe huyo hana faida kibiashara, haleti ugonjwa wa kutisha na haliwi. Sifa yake moja ni kwamba katika kiini chake kikubwa ana kromosomu fupifupi nyingi mno, kwa hiyo ana maelfu ya ncha. Anayetaka kuchunguza ncha hana sababu ya kuhangaika na binadamu mwenye ncha 92 wakati dimbwini mna kiumbe mwenye maelfu.

Mwaka 1978 Blackburn na Gall walichapisha walichokiona: ncha hizo ni herufi sita za DNA zinazorudiwarudiwa, TTGGGG, mara kadhaa mfululizo. Mwaka 1980 Blackburn alikutana na Jack Szostak katika mkutano wa kitaaluma. Szostak alikuwa akichunguza hamira, na alikuwa na tatizo: kila alipoingiza ndani ya hamira kipande cha DNA chenye ncha wazi, kiliharibiwa. Wakakubaliana kufanya jaribio ambalo wenyewe hawakulitumainia sana. Walichukua ncha za kiumbe wa dimbwini, wakaziunga kwenye kipande hicho na kukiingiza katika hamira. Kilisalimika. Matokeo hayo yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionesha kwamba pindo la kromosomu ni la kale mno, kiasi kwamba viumbe wawili waliotengana kwa mamilioni ya miaka wanaweza kuazimana. Tena hamira ilikuwa imeongeza herufi zake yenyewe juu ya zile ilizoazimwa. Fundi wa McClintock alikuwa kazini.

Aliyemwona kwa mara ya kwanza ni mwanafunzi. Carol Greider alikuwa na tatizo la kusoma na kuandika tangu utotoni, hali inayoyachanganya maneno machoni pa mtu ingawa akili yake ni timamu. Alama zake katika mtihani wa kuingilia shahada za juu hazikuwa nzuri, na vyuo vingi alivyoomba vilimkataa. Berkeley ilimpokea, naye akaingia katika maabara ya Blackburn mwaka 1984. Tarehe 25 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 23, alikwenda maabara wakati wengine wakisherehekea Krismasi, akaisafisha filamu ya jaribio lake na kuona ngazi ya mistari, kila kipandio kikizidi kingine kwa herufi sita. Kimeng'enya kilikuwa kikiongeza herufi kwenye ncha. Kilipewa jina la telomerezi. Baadaye walionesha kwamba kimebeba ndani yake kipande cha RNA kinachotumika kama kielelezo, mithili ya fundi anayetembea na kipimo chake mfukoni.

Fedha zilizolipia kazi hiyo zilitoka kwa sehemu kubwa katika mfuko wa serikali ya Marekani. Jiulize kamati ya bajeti ingesema nini mbele ya andiko lenye kichwa kinachohusu ncha za kromosomu za kiumbe wa dimbwini.

Mbung'o na Tororo

Sasa nirudi kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda, hasa katika Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria. Kimelea kinachousababisha huenezwa na mbung'o, na ndugu yake wa karibu huua ng'ombe kwa nagana. Kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini mwili wa mgonjwa hushindwa kukimaliza kimelea hiki ilhali hukiona wazi ndani ya damu.

Jibu lilikutwa kwenye ncha za kromosomu. Kimelea cha malale kimejifunika joho la protini. Mwili ukishalitambua joho hilo na kutengeneza kingamwili, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kubadilisha joho, na vita huanza upya. Katika ghala lake la urithi kina mamia ya majoho ya akiba, lakini huvaa moja tu kwa wakati, na joho linalovaliwa lazima lisomwe kutoka sehemu iliyo jirani na telomea. Kimelea hatari zaidi cha malaria nacho kina familia ya jeni kama 60 za kubadilisha sura, na nyingi kati ya hizo zimekaa karibu na ncha. Ncha hizo, ambazo kwa binadamu ni ulinzi, kwa maadui zetu wawili wakubwa zimekuwa chumba cha kubadilishia nguo.

Mwaka 1984 maabara mbili, mojawapo ya Blackburn, zilionesha kwamba telomea ya kimelea cha malale ni herufi TTAGGG zinazorudiwa. Miaka minne baadaye ilithibitishwa kwamba telomea ya binadamu ni TTAGGG vilevile. Titia de Lange, ambaye baadaye alibainisha protini sita zinazoikinga telomea ya binadamu, alipata udaktari wake Amsterdam kwa kuchunguza kromosomu za kimelea hicho. Njia ya kuifahamu ncha yetu ilipitia kwenye ugonjwa wa maskini wa Afrika.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwapo. Afrika Mashariki ilikuwa na shirika lake la utafiti wa malale, makao yake Tororo, likiwa sehemu ya huduma za pamoja za Jumuiya. Mwaka 1970 kimelea kilichotolewa ndani ya mbung'o aliyenaswa Kiboko, Kenya, kiliingizwa katika kumbukumbu za shirika hilo kwa namba 1534. Kimelea hicho kilifika Edinburgh, kikapewa namba nyingine, na kizazi chake ndicho kilichotumika kusoma urithi mzima wa kimelea cha malale, kazi iliyochapishwa mwaka 2005. Shirika lililokipa namba ya kwanza halikuwapo kuiona siku hiyo. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na taasisi zake za utafiti zikagawanywa kama vyombo vya nyumba ya waliotalikiana. Tunapozungumzia kuvunjika kwa Jumuiya hutaja ndege, reli na mabehewa. Maabara hazitajwi kwa sababu hasara yake haionekani barabarani.

Upande wa pili wa habari hii ni wa kututia moyo. Muller aliporusha eksirei kwa nzi wake, alionesha kwamba mionzi huvunja kromosomu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa wadudu nchini Marekani wakiongozwa na Edward Knipling waliligeuza jambo hilo kuwa silaha: fuga madume kwa wingi, wapige mionzi na uwaachie porini. Watapanda majike, lakini mbegu zao zimebeba kromosomu zilizovunjika, zisizo na ncha halali, na kiinitete hufa katika mzunguko uleule wa kukatika na kuungana alioueleza McClintock. Miaka ya 1990 silaha hiyo ilitumika Unguja. Taasisi ya utafiti wa mbung'o ya Tanga ilifuga wadudu hao, wakapigwa mionzi, na mamilioni ya madume tasa yakamwagwa kwa ndege kisiwani kuanzia mwaka 1994. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Mfugaji wa Unguja ambaye leo ng'ombe wake hafi kwa nagana ananufaika na udadisi wa mtu aliyetaka kujua kwa nini ncha za kromosomu za nzi haziungani.

Henrietta Lacks

Haitakuwa haki kuisimulia historia hii kama safari ya mashujaa tu. Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 31 na mama wa watoto watano, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa kwa ajili ya utafiti bila yeye kuombwa ridhaa. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo. Seli zake hazikufa. Zilivuka ukomo wa Hayflick bila kusita, zikasambazwa duniani kote na kutumika katika kazi nyingi, ikiwemo ya chanjo ya polio. Familia yake haikujulishwa kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1989 Gregg Morin alionesha kwa mara ya kwanza kwamba binadamu nao wana telomerezi. Seli alizozitumia zilikuwa za Henrietta Lacks. Mwaka uliofuata Calvin Harley, Bruce Futcher na Greider walionesha kwamba telomea za seli za kawaida hufupika kadiri seli zinavyozeeka, kama Olovnikov alivyotabiri. Mwaka 1994 iliripotiwa kwamba takriban asilimia 90 ya uvimbe wa saratani uliopimwa ulikuwa na telomerezi inayofanya kazi, ilhali seli nyingi za kawaida za mwili zimeizima. Picha ikakamilika: kufupika kwa ncha ni breki inayozuia seli isigawanyike ovyo, na saratani ni seli iliyojifunza kuifungua breki hiyo. Breki hiyohiyo ikiwa kali mno huleta madhara yake. Watu wachache wanaozaliwa na hitilafu katika telomerezi hupata maradhi ya uboho, damu ikashindwa kutengenezwa.

Mwaka 2023 warithi wa Henrietta Lacks walifikia mapatano na kampuni moja kubwa waliyoishtaki kwa kunufaika na seli zake. Ilikuwa imepita miaka 72. Kila mtumishi wa umma anayeidhinisha vibali vya kusafirisha sampuli za damu kwenda ng'ambo angepaswa kuwa na jina la mwanamke huyo mezani pake.

Mwanasayansi na rais

Blackburn aliteuliwa kuwa mjumbe wa baraza lililomshauri Rais George W. Bush kuhusu maadili ya tiba. Alipinga waziwazi namna ripoti za baraza hilo zilivyoueleza utafiti wa seli shina, akisema sayansi haikuwasilishwa kwa ukamilifu. Mwezi Februari 2004 aliondolewa. Mwaka 2009 yeye, Greider na Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Serikali inaweza kumwondoa mtu katika baraza, lakini haiwezi kuliondoa jambo alilolionesha. Olovnikov hakuwamo katika orodha ya washindi.

Tangu hapo wafanyabiashara nao wameingia. Wapo wanaouza vidonge vya kurefusha telomea na vipimo vya kumwambia mtu umri wake wa kweli kutokana na tone la damu. Msomaji aliyefuatana nami hadi hapa anaweza kuwajibu mwenyewe. Urefu wa telomea hutofautiana sana kati ya watu wa umri mmoja, na kulazimisha ncha zirefuke bila kujali ni katika seli ipi ni kufungua breki ambayo mwili umeifunga kwa sababu.

Jibu kwa kamati ya bajeti

Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayoizuia telomerezi, kwa ajili ya aina fulani ya maradhi ya uboho. Tangu Blackburn alipoanza kuchunguza kiumbe wa dimbwini hadi siku hiyo ni miaka 49. Hakuna mpango wa miaka mitano ambao ungeliweza kuandika lengo hilo, kwa kuwa mwaka 1975 hapakuwa na mtu aliyejua kwamba telomerezi ipo.

Najua hoja itakayoletwa. Sisi ni maskini. Matajiri na waudhihirishe udadisi wao, nasi tutachukua matunda. Hoja hiyo ina makosa matatu. Kwanza, matunda hayachumwi na asiye na mikono. Unguja isingeondokewa na mbung'o bila Tanga kuwa na watu waliojua kumfuga mdudu huyo, na watu hao hawakupatikana kwa tangazo la kazi la wiki mbili. Pili, kimelea cha malale na cha malaria ni majirani zetu. Tusipouliza sisi maswali juu yao, yataulizwa na wengine kwa ratiba yao, na sampuli zitaondoka kama ile ya Kiboko ilivyoondoka. Tatu, udadisi si lazima uwe ghali. Tetrahymena hufugwa ndani ya chupa. Kilichokuwa ghali ni uvumilivu.

Sidai kwamba kila swali la udadisi huzaa. Mengi hayazai, na hakuna awezaye kuyatenga mapema yale yatakayozaa. Ndiyo maana haki ya umma hulindwa kwa utaratibu unaoweza kukaguliwa. Nchi za Umoja wa Afrika zimekubaliana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi bado hazijafika hapo. Ningependa kuona sehemu ndogo ya kila mfuko wa utafiti, hata moja ya kumi, ikitengwa kwa maswali yasiyotakiwa kuahidi faida, yakipimwa kwa ubora wa swali na uaminifu wa mbinu, kwa muda usiopungua miaka mitano. Ningependa pia Jumuiya ya sasa, iliyofufuliwa mwaka 2000, iirejeshe kazi iliyokuwa ikifanywa Tororo: hifadhi ya pamoja ya vimelea, yenye kumbukumbu na masharti ya wazi kwa kila sampuli inayotoka.

Mbunge atakapouliza tena utafiti huu utamsaidia nini mwananchi, mtafiti asitunge ahadi kama Lysenko. Amwambie kwa adabu: sijui bado, lakini hivi ndivyo nitakavyojua, na hizi ndizo hesabu za fedha mlizonipa.